Mwenge Usio na Moto

Kabla haijatengenezwa, kompyuta ya mke wangu ilikuwa na kosa moja tu: kelele. Feni yake ilivuma kama mashine ya kusaga. Ilipotengenezwa kelele ikaisha, ikaanza kujizima.

Mke wangu anadarizi. Chumba cha mbele, ambacho watu wengine wangekiita sebule, tumekiachia mashine yake ya kudarizi, na wageni tunawapokea jikoni. Mashine ina kichwa kimoja cha sindano, fremu ya kubania nguo, na waya mnene unaokwenda kwenye kompyuta ya mezani. Yenyewe haina akili. Kompyuta ndiyo inayoiambia sindano ishuke wapi, mshono mmoja baada ya mwingine. Kompyuta ikijizima katikati, sindano inasimama pale pale, na ukiwasha upya hakuna anayejua ilikuwa imefika wapi. Nguo hiyo imekwisha. Ukifumua, inabaki na matundu kama imeliwa na nondo.

Kazi iliyokuwa mezani ilikuwa sweta za darasa la kwanza, shule iliyo nyuma ya soko. Nembo yao ni kitabu kilichofunguliwa, juu yake mwenge, na juu ya mwenge moto. Mwalimu mkuu alimkabidhi sweta na chache za akiba, akasema shule inafunguliwa Jumatatu na anataka watoto wapokelewe getini na sweta zao. Zikiwa tayari, nembo za shule ile ni kazi ya mke wangu kila mwaka. Zisipokuwa tayari, kazi inarudi kwa jamaa wa ng'ambo ya barabara, mwenye mashine ya vichwa sita na mdomo unaofanya kazi kuliko vyote sita.

Jumapili asubuhi nilikuwa jikoni na chai yangu.

"Imejizima tena," mke wangu alisema kutoka chumba cha mbele.

Hakupaza sauti. Akipaza sauti najua jambo ni dogo. Nikaiacha chai.

Sindano ilikuwa imesimama ndani ya sweta. Mama mkwe alikuwa amekaa dirishani akikata nyuzi zilizobaki nyuma ya nembo, kazi aliyojipa mwenyewe tangu alipokuja kukaa nasi. Ni nesi mstaafu. Mkasi mikononi mwake haukosei.

"Ni umeme," nikasema. Mimi kila kitu nasema ni umeme, na mara nyingi napatia.

"Taa imezima?" mke wangu akauliza.

"Haijazima."

"Redio ya jirani?"

Redio ya jirani ilikuwa inaimba. Hata hivyo nikabadilisha waya, nikahamisha plagi hadi soketi ya jikoni, nikapitisha kebo ya kurefusha katikati ya mlango watu wakawa wanairuka. Akawasha. Kwenye skrini nyeusi kikatokea kistari kimoja cha maandishi ya Kizungu.

"Inasemaje?"

"Inasema imezidi joto."

"Haiwezekani," mama mkwe akasema bila kuinua macho. "Imepakwa dawa."

Hapo sina budi kueleza. Fundi wetu wa kompyuta tunamwita Kebo. Aliposikia ile feni alisema prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta, imekaliwa na bonge la alumini linalovuta joto, na katikati yao kuna dawa iliyokauka kwa uzee. Ifutwe, ipakwe mpya. Yeye anaiita dawa ya moto. Akaleta mpya, akaiacha kwenye droo, kisha akaitwa safari ya kwenda kufunga kamera kwenye hoteli. Alipopiga simu kumwelekeza mke wangu, mke wangu alikuwa amekwenda kuchukua sweta shuleni na mimi nilikuwa kazini. Mama mkwe akamwambia, niambie mimi. Akafanya mwenyewe, simu ikiwa imeegeshwa kwenye bakuli la vifungo. Siku ile na siku iliyofuata mashine ilikwenda vizuri na feni ilinyamaza. Sote tulimsifu.

Nikampigia Kebo.

"Kaka, dawa ilipakwa?"

"Ilipakwa."

"Kiasi gani?"

Nikageuka. "Mama, samahani. Ulipaka kiasi gani?"

"Punje ya mchele. Nikaitandaza kwa kijiti."

"Punje ya mchele," nikamwambia Kebo.

"Na skrubu?"

"Kwa kupishana," mama mkwe akasema, maana Kebo ana sauti ya mnadani. "Moja huku, nyingine kule. Kama ulivyosema."

"Basi yule mama kafanya sawasawa. Kaka, labda prosesa imezeeka. Nitaitazama Jumanne."

Jumanne haikuwa na faida kwa mtu yeyote.

Mke wangu hakuniuliza Kebo amesemaje. Alikuwa amechuchumaa karibu na mlango, mbele ya sweta zilizoharibika. Alikuwa ameziweka moja juu ya nyingine, kila inapoharibika anaitupia juu. Sasa akawa anazitandaza sakafuni.

"Njoo uone," akasema. "Hii ya chini ndiyo ya kwanza kuharibika."

Ya kwanza ilikosa ncha ya moto tu. Ukiwa na haraka hungeiona. Iliyofuata ilikosa nusu ya moto. Halafu zikaja tatu zisizo na moto kabisa, mwenge mtupu kama fimbo ya askari. Halafu mwenge uliokatika kiunoni. Ya mwisho, iliyokuwa bado kwenye fremu, ilikuwa na kitabu chenye ukurasa mmoja.

"Kila mara inakufa mapema zaidi," nikasema.

"Na hii ya mwisho niliipumzisha kabla ya kuanza. Ilikuwa imepoa kabisa."

Tukasimama pale tukizitazama. Sijui kompyuta, lakini umeme mbovu naujua, na umeme mbovu hauna adabu ya namna hiyo. Unakata unapotaka. Hiki kilikuwa kitu kinachopungua kidogo kidogo kwa mpangilio, kama chombo kinachovuja, au kitu kinachokauka.

"Kuna kitu ndani humo si kile kile cha juzi," mke wangu akasema.

Nikachukua bisibisi, nikafungua ubavu wa kasha. Mkono wangu wa kushoto ulinisumbua kuinama. Nilikuwa nimeungua kazini wiki ile ile. Mimi nachomelea mageti, na kipande cha chuma nilichotoka kukikata kilinilalia chini ya kiwiko. Kwa fundi wa mageti hiyo si habari. Mama mkwe alitaka kuuona mkono, nikamwambia unaendelea vizuri. Siwezi kumkunjulia mama mkwe shati kila asubuhi kama mtoto wa kliniki. Nilimuuliza tu dawa ya moto iko wapi, akaniambia, iko kwenye droo, baba, usipake nyingi. Ilikuwa droo ile ile ya meza ya kompyuta, maana ndiyo droo pekee nyumbani isiyojaa. Nikapaka, nikashusha shati, yakaisha.

"Washa," nikasema.

Akawasha kompyuta ikiwa wazi. Feni ikazunguka. Akaiamrisha ianze nembo upya kwenye kitambaa cha majaribio, mimi nikaweka kidole kwenye lile bonge la alumini.

"Ni moto?"

"Bado."

Sindano ikaanza kitabu. Nikangoja. Alumini ilikuwa vuguvugu kama chai niliyoiacha jikoni. Nikahamisha kidole, nikajaribu upande wa pili. Vile vile. Kisha tak, kila kitu kikazima, kidole changu kikiwa bado pale pale, kimestarehe.

Hapo nikasahau hata sweta. Niliwahi kuona vitu vingi vikiungua, lakini sikuwahi kuona kitu kinacholia kinaungua huku kifuniko chake hakina habari.

"Rudia," nikasema.

"Nirudie nini? Imekufa."

"Rudia tu."

Tukarudia. Ikazima tena, na alumini ikabaki vuguvugu.

"Joto liko chini," nikasema. "Halipandi. Ni kama nyumba ambayo chumbani watu wanapigana na sebuleni wanacheka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo katikati hapa kuna ukuta. Ukichomelea chuma chenye kutu na rangi, moto haupiti, unacheza juu juu. Hapa katikati kuna kitu kama hicho."

"Hapo katikati kuna dawa," mama mkwe akasema. Sasa alikuwa ameshusha mkasi. Alitaka kujua kama nilivyotaka mimi, lakini pia alikuwa mtu ambaye kazi yake inatiliwa shaka, na nikaona nichague maneno. Mimi si hodari wa kuchagua maneno.

"Mama, sisemi umekosea."

"Sijasema umesema."

"Nataka kulifungua hili bonge nione."

"Fungua. Si la kwangu."

Nikalivuta kasha mbele ili nipate nafasi ya mikono. Nyuma yake, kati ya kasha na ukuta, kitu kikaanguka chali. Nikakiokota. Ilikuwa tyubu yangu, nyeupe yenye mstari wa bluu, ile ambayo mama mkwe aliniletea kutoka hospitali alikostaafu. Dawa ya kuungua moto.

"Mbona dawa yangu iko huku?"

"Niliisahau hapo nilipomaliza," akasema mama mkwe.

"Ulipomaliza nini, mama?"

"Kupaka."

Mke wangu alikuwa anavuta uzi. Akaacha kuvuta.

"Mama," akasema polepole, "ulipaka nini kwenye kompyuta?"

"Dawa ya moto. Si ndivyo alivyosema fundi wenu? Akasema, mama, fungua droo, utaona dawa ya moto. Nikafungua, nikaona dawa ya moto. Imeandikwa." Akanyoosha mkono, nikampa tyubu, akatuonyesha maandishi kwa kidole. "Halafu palikuwa na bomba la sindano lisilo na sindano, lina uchafu wa kijivu, halina lebo. Kitu kisicho na lebo hakipakwi mgonjwa. Nilifundishwa hivyo, nikafundisha wengine hivyo."

"Kompyuta si mgonjwa," mke wangu akasema.

"Alisema ina joto."

Nikakaa kwenye kiti. Nilitaka kucheka, nikamtazama mke wangu, nikaona wakati wa kucheka bado.

Ikaeleweka yote, na kilichonishangaza ni kwamba ilikuwa na akili. Ile dawa ya mtu ina maji mengi. Mbichi, inapitisha joto, ndiyo maana siku mbili za kwanza kazi ilikwenda. Kisha kila saa mashine ilipofanya kazi, maji yalipungua. Ilikauka kwanza kidogo, tukapoteza ncha ya moto. Ikakauka zaidi, tukapoteza moto, mwenge, ukurasa. Zile sweta sakafuni zilikuwa zinatuonyesha dawa ikikauka.

"Basi rahisi," mke wangu akasema, akisimama. "Tufute hiyo, tupake ile ya Kebo. Iko kwenye droo."

Akafungua droo. Mimi bado nilikuwa nafurahia ugunduzi, sikumwangalia. Akatoa kile kibomba, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Kimeisha," akasema. "Mama, ulikitumia?"

"Sijakigusa, nimekwambia."

Nikahisi mkono wangu wa kushoto ukiwa mzito ndani ya shati.

"Droo ilikuwa na hicho tu," nikasema.

Wakanigeukia wote wawili. Wanafanana sana wakigeuka pamoja.

"Niliuliza dawa ya moto iko wapi," nikasema. "Nikaambiwa iko kwenye droo. Nikafungua, ndani pana hicho. Nikadhani ni dawa mpya. Ina bomba la sindano, mama ni nesi, ningejuaje?"

"Kunja shati," mama mkwe akasema.

"Mama, mkono hauna..."

"Kunja shati, baba."

Nikakunja. Kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo nilikuwa wa kijivu, nang'aa kama bomba jipya. Mama mkwe akagusa kwa ncha ya kidole, akasugua kati ya vidole viwili, akanusa.

"Nilikwambia usipake nyingi."

"Nilipaka kidogo. Kila siku."

"Hukushangaa haikauki?"

"Nilishangaa. Nikaona ni dawa ya kisasa."

Mke wangu akaweka kiganja mdomoni. Mabega yake yakawa yanatikisika, na sikujua kama analia au nini, mpaka sauti ilipomtoka. Alicheka hadi akashika mashine. Kisha akaacha ghafla, maana sweta zilikuwa bado zimerundikana upande wa pili na saa haikuwa imesimama kumngoja.

Nikampigia Kebo.

"Ile dawa yako ina madhara kwa mtu?"

"Kwa mtu? Kwani nani kaila?"

"Hakuna aliyeila."

"Kaipaka?"

Nikautazama mkono wangu.

"Kaka," akasema taratibu, "aoshe kwa sabuni. Na mimi sikuulizi zaidi."

"Nyingine inapatikana wapi leo?"

"Dukani kwangu. Na ufunguo ninao mimi, huku."

Nilipokata simu nilimkuta mke wangu anautazama mkono wangu kwa namna ambayo hajanitazama tangu tulipokuwa wachumba.

"Usifikirie," nikamwambia.

"Ni punje moja tu ya mchele."

"Imechanganyika na jasho na vumbi la chuma."

"Na kidonda," akasema mama mkwe. "Haifai. Lete kibomba."

Akakichukua, akakigeuza. Mpira wa ndani ulikuwa umefika mwisho kabisa. Mimi nikianza kukamua kitu nakikamua. Lakini kwenye mdomo wake mwembamba kulikuwa na kijivu kimebaki, na kwenye kona za ndani pia. Akakifumbata kwenye viganja vyake viwili, akakaa hivyo kama mtu anayeota moto.

"Inafanya nini hiyo?" nikauliza.

"Dawa nzito ikipata joto inalegea. Huku wewe safisha."

Nikalegeza skrubu nne, nikalinyanyua lile bonge. Katikati palikuwa peupe, pamekauka na kupasuka kama chokaa ya ukuta wa zamani. Nilipopuliza, ikaruka. Mama mkwe akanielekeza: pamba, spiriti, futa kutoka katikati kwenda nje, tupa pamba, chukua nyingine, usirudi na ile ile. Nilifuta prosesa hadi nikaona pua yangu ndani yake. Kisha akanishika mkono, akanifuta na mimi vile vile, kutoka katikati kwenda nje. Spiriti kwenye kidonda inakumbusha mtu mambo mengi.

Kisha akarudi kwenye kibomba. Akavuta kishikio nyuma polepole, hewa ikaingia. Akakisimamisha mdomo chini, akakigonga kwa kucha, akangoja, akagonga tena. Kijivu cha pembeni kikateremka. Mke wangu alikuwa anapumua karibu na sikio langu.

"Nionyesheni pa kupaka," mama mkwe akasema.

"Hapo hapo pa mwanzo, mama."

Akasukuma. Ikatoka hewa kwanza. Kisha kikatoka kitone, kikasimama juu ya prosesa. Akasukuma tena, kikaongezeka kidogo, kikakatika.

"Ni punje?" mke wangu akauliza.

Tukainama wote watatu.

"Ni punje," nikasema. "Ya ule mchele uliovunjika."

Akaitandaza kwa kijiti, nyembamba kiasi kwamba niliona chuma chini yake, lakini hapakubaki pembe iliyo wazi. Nikashusha bonge wima bila kulitelezesha, nikakaza skrubu, moja huku, nyingine kule. Mke wangu akabana sweta nzima kwenye fremu. Nikamwambia aanze na kitambaa cha majaribio. Akasema sweta.

Akawasha. Nikaweka kidole kwenye alumini.

Baridi. Sindano ikaanza kitabu, ukurasa wa kwanza. Baridi bado. Nikaanza kufikiria uso wa yule jamaa wa ng'ambo. Ukurasa wa pili. Halafu chini ya kidole kitu kikaamka. Likawa vuguvugu, likapita vuguvugu, nikaanza kuhamisha kidole.

"Vipi?" mke wangu akauliza bila kuondoa macho kwenye sindano.

"Linaunguza."

"Hiyo ni nzuri au mbaya?"

"Ni nzuri sana. Endelea."

Sindano ikapanda mwenge. Ikasimama, akabadilisha uzi, akaweka wa rangi ya machungwa ambao ulikuwa haujaguswa tangu jana. Ikaanza moto kutoka chini, ikaenda kulia, ikarudi kushoto, ikafika kwenye ncha, ikashona ncha, ikanyanyuka yenyewe ikakaa pembeni kama mfanyakazi aliyemaliza zamu.

Mke wangu akatoa sweta, akabana nyingine. Alifanya hivyo hadi jua likaondoka dirishani, na kompyuta haikuzima.

Zilizoharibika kupita kiasi tulizifidia kwa zile za akiba. Zilizokosa moto mama mkwe alizichukua mapajani, akazimalizia kwa mkono, mishono midogo inayolingana, ya mtu aliyeshona watu miaka mingi.

Jumatatu mimi na mke wangu tulibeba fungu hadi getini mwa shule. Mwalimu mkuu alikuwa anazigeuza moja moja. Kwenye moja akatua, akasogeza miwani.

"Huu moto hapa mbona umenyanyuka kidogo kuliko mwingine?"

"Huo umewaka zaidi," mke wangu akasema.

Mwalimu akaupapasa kwa kidole gumba, akakubali kwa kichwa, akamvika mtoto aliyekuwa mbele yake. Kisha akamuuliza mke wangu kama mwakani anaweza kuongeza na kofia.

Kebo aliporudi alileta kibomba kipya na kwenda moja kwa moja kwenye droo. Ndani alikuta plasta mbili za hospitali zimebandikwa, mwandiko wa mama mkwe, kulia YA MTU, kushoto YA KOMPYUTA.

"Nani alizichanganya hizi dawa?" akauliza huku anacheka.

Nilikuwa nimekaa jikoni, shati limekunjwa hadi begani, nikikaguliwa mkono kama ninavyokaguliwa sasa kila asubuhi.